Jirani Yangu Ni Nani Mbele ya Hakimu?

Somo: Luka 10:25-37

Yule mtu aliyemwuliza Yesu jirani yake ni nani alikuwa mwanasheria, na swali lake lilikuwa la kisheria kabisa. Alitaka mpaka. Alitaka kujua wajibu wake unaishia wapi, ili akifika hapo apumzike. Tusimcheke haraka. Sisi pia tunauliza hivyo hivyo ng'ombe wetu akiingia kwa mahindi ya mtu, ama pikipiki yetu ikigonga mtoto.

Swali hilo liliwahi kufika kortini. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, mama mmoja, May Donoghue, alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alikunywa kidogo, na iliyobaki ilipomiminwa, akasema, konokono aliyeoza akatoka. Akaugua. Sasa, aliyelipa ni rafiki. Mama huyo hakuwa na mapatano yoyote na kiwanda, na kiwanda kilisema hakina deni kwake. Mwaka 1932 majaji wakuu wa Uingereza, watatu kwa wawili, wakakataa hoja hiyo. Mmoja wao, Lord Atkin, alilichukua swali la Luka 10 wazi wazi, akalijibu kisheria: jirani yako ni yule unayepaswa kuona mapema kwamba kitendo chako kinaweza kumwumiza. Sisi Kenya tulirithi sheria hiyo.

Torati ilikuwa imeshasema. Soma Kutoka 21: mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwenzake atumbukie, mwenye shimo alipe. Hapa kwetu shimo ni lile bwawa la kunyunyizia mboga, limetandikwa nailoni inayoteleza, halina ua. Wewe unafikiria sukuma wiki wakati wa kiangazi; mtoto wa jirani anafikiria kuogelea. Hukumwalika, lakini unajua hupita hapo akitoka shule. Weka waya. (Na hapa ninasema na watu wa kanisa hili hili, si wa mbali.)

Lakini angalia mahali sheria inaposimama. Inanikataza kumwumiza jirani. Kwa kawaida hainilazimishi kumwokoa mtu niliyemkuta ameshaumizwa na wengine. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu, hawakuwa na mapatano naye, walipita tu. Ninaamini wangeshtakiwa pale korti ya Nyeri wangeshinda, na huenda wangelipwa gharama. Kwa Yesu hawakushinda.

Mbona nasema haya? Kuna ndugu alinijia baada ya maombi ya katikati ya wiki. Miaka saba iliyopita alimwuzia jirani yake robo ekari. Pesa alipokea zote, nyingine mkononi, nyingine kwa M-Pesa. Walisema, sisi ni watu wa wokovu, karatasi ya nini? Mnunuzi akalima, akapanda makadamia, akafa. Sasa mjane yuko pale na watoto, lami imefika, na bei imepanda mara tatu. Ndugu huyo ameambiwa na wakili mambo mawili, na yote ni kweli. Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya ardhi yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbele ya shahidi. Na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, sura ya 302, inasema shamba la kilimo likiuzwa bila idhini ya bodi, mauzo hayo ni bure, na idhini huombwa ndani ya miezi sita. Akaniuliza, "Mtumishi, nikirudisha pesa yake vile ilivyokuwa, dhambi iko wapi?"

Nilimwambia anatafuta mpaka. Bodi husaidia mke na watoto wasiamke asubuhi wakute shamba limeuzwa chini ya miguu yao. Sasa yeye anataka kuitumia bodi hiyo hiyo kumtoa mke na watoto wa mwenzake. Na ile pesa ilisomesha kijana wake. Je, bei ya shamba ingeshuka, angemwendea mjane na kusema, mauzo yalikuwa bure, chukua pesa yako?

Hata korti haikubali kirahisi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa hapa Nyeri iliamua kesi ya wanunuzi 88 waliokuwa wamelipa na kuruhusiwa kuingia kwa ardhi, kisha muuzaji akasema idhini ya bodi haikupatikana. Majaji wakasema aliyepokea pesa na kuwaingiza watu anaishika ardhi hiyo kwa niaba yao. Majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo, mwaka huo huo, walishika maneno ya sheria yalivyo. Mawakili wataendelea kubishana, ni kazi yao. Lakini wewe uliyeokoka hukuambiwa ungoje majaji wakubaliane. Zaburi 15 inamsifu mtu anayeshika kiapo chake hata kikimtia hasara. Hasara imetajwa pale kabisa.

Kwa wanunuzi pia nina neno. Msiseme kuandika ni kukosa imani. Yeremia, sura ya 32, alinunua shamba kwa binamu yake kwa shekeli 17 za fedha, naye akiwa kifungoni na jeshi la Babeli limezingira mji. Akapima fedha, akaandika hati, akaita mashahidi, akaagiza hati ziwekwe ndani ya chungu zikae siku nyingi. Huyo alikuwa nabii, na aliyeuza alikuwa mtu wa ukoo. Hati ni ya yule atakayebaki wewe ukiondoka.

Ndugu yetu alisema atazungumza na wanawe kwanza. Tumwombee, na tumwombee mjane zaidi. Jumapili hii baada ya ibada ya pili, wazee wawili watakaa ofisini na wale walio na mapatano ya mdomo. Leteni kitambulisho, nambari ya shamba na shahidi asiye wa nyumba yenu. Idhini hatutoi sisi, ni ya bodi, kwa hivyo hesabuni ile miezi sita. Na mabwana, mje na wake zenu.