Tutazamapo Picha za Vita

Msomaji mpenzi, pengine nawe umewahi kuiona picha ninayotaka tuizungumze leo, kwani imechapishwa katika vitabu vingi vya historia. Imepigwa kutoka angani. Chini yaonekana bandari tulivu, kisiwa katikati, na manowari kubwa zimefungwa kandokando yake, mbili mbili, kama ng'ombe waliolala zizini. Juu ya maji mna viduara vya mawimbi, na penye manowari moja maji yameruka juu mfano wa mti mweupe. Ni Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani katika visiwa vya Hawaii, asubuhi ya Jumapili tarehe 7 Desemba 1941. Aliyeipiga alikuwa ndani ya ndege ya Kijapani, na ule mti mweupe ni topido iliyokwisha kufika.

Mimi niliiona tena mwaka jana huko Tunduma, nyumbani kwa mwenyeji wangu, mtu wa pwani aliyekwenda kufanya biashara mpakani akaoa na kubaki. Wengi wetu Tunduma twaijua kwa foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Asiyeijua zaidi na aende mwezi wa Juni, atajua baridi ni nini. Jioni tumekaa karibu na jiko la mkaa, kijana wa nyumba akaleta kitabu kikuukuu cha vita alichokinunua kwa wauza mitumba, akanifungulia ukurasa ule. "Mjomba," akasema, "tazama ilivyo nzuri." Nami, nakiri mbele yako, nikajibu, "Kweli, nzuri."

Neno hilo limenisumbua tangu siku ile.

Kwa maana walikufa watu 2,403 upande wa Wamarekani asubuhi hiyo, na miongoni mwao wamo raia wasiokuwa askari. Katika manowari moja tu, Arizona, walikufa 1,177, na zaidi ya 900 kati yao hawakutolewa. Meli ile iliyozama ndiyo kaburi lao hata leo. Sasa mimi nimekaa na chai mkononi, naiita nzuri picha ya saa yao ya kufa. Je, jicho langu limekosa?

Nimefikiri, nami naona jicho halina kosa. Jicho huona mpangilio, huona mwanga na kivuli, ndivyo lilivyoumbwa. Kutoka juu kule hakuna mtu anayeonekana, wala baharia mmoja. Kosa huanza pale moyo unapokubali kukaa mahali ilipokaa kamera. Aliyekuwa katika ndege ile alikuja kuangamiza, na picha ilikuwa ushahidi wake wa kuwapelekea waliomtuma. Nikiitazama bila ya kuuliza ni nani aliyeishika kamera, na kwa haja gani, basi nimekwisha kupanda ndege yake bila ya kujua, nimekaa kiti cha nyuma yake.

Utasema, ziko na picha za upande wa pili. Naam, ziko, na mwenyeji wangu alizifunua: manowari Shaw inapasuka kwa mpira wa moto, na mabaharia wamesimama kati ya ndege zilizovunjika wakitazama moshi. Hapo moyo hushuka chini ukaingia kwa wanaoumia, na hilo ni jema. Lakini picha hizo nazo zilipewa kazi. Serikali ya Marekani ilizuia zipi zisitoke na ikachagua zipi zitoke na lini, na wito wa kuikumbuka Pearl Harbor ukabandikwa kutani nchi nzima. Ghadhabu ilipokwisha washwa, mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Kijapani waliokuwa wakiishi Marekani walihamishwa kwa nguvu na kutiwa makambini, na wengi wao walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo. Walikuwa na kosa gani? Sura zao zilifanana na za adui, basi.

Kisha tarehe 6 Agosti 1945 likaangushwa bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Picha iliyoenea ulimwenguni ni ya lile wingu, nayo imepigwa kutoka angani. Nayo pia, ukiitazama kwa jicho tu, ni nzuri. Chini ya wingu hilo alikuwako mpiga picha wa gazeti la mjini humo, Yoshito Matsushige, mwenye kamera yake. Alifika darajani penye watu walioungua ngozi, akainyanyua kamera, mkono ukakataa. Alikaa muda mrefu kabla ya kuweza kubonyeza. Siku nzima alipata picha tano tu. Majeshi ya Marekani yalipoikalia Japani yalibana sana habari na picha za mji ule, mpaka yalipomaliza utawala wao mwaka 1952 ndipo picha za aina hiyo zikaonekana kwa uwazi. Mimi nazipa picha hizo tano heshima kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu aliyezipiga aliona haya. Alijua kwamba mtu aliye katika hali ile ana sitara yake, na kwamba kumfunua mbele ya walimwengu si jambo jepesi hata likiwa la lazima.

Nilikuwa nimekwisha jipangia moyoni kuwa jambo limefika hapo: tazama kwa haya, au usitazame. Ndipo bibi wa nyumba, Mnyamwanga wa umri uliopita miaka themanini, akauliza kutoka kitini pake, "Mwanangu, na wa kwetu wamo humo?"

Baba yake alichukuliwa askari naye yungali tumboni mwa mamaye. Barabara hii ya Tunduma ndiyo iliyopitisha misafara ya malori ya askari kutoka kusini kuelekea Kenya katika vita hivyo. Akapanda, hakurudi. Hakuna picha yake hata moja.

Nikamweleza ninayoyajua. Kikosi kilekile cha Wajapani cha Admirali Nagumo, kikiwa na meli tano kati ya zile sita za kubebea ndege zilizokwenda Pearl Harbor, kiliipiga Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee tarehe 9. Waingereza wakaona Ceylon si salama, manowari zao nyingi zikahamia Kilindini, Mombasa. Askari wetu wakapelekwa Ceylon kisha Burma. Mwezi Februari 1944 meli ya askari, Khedive Ismail, iliondoka Kilindini kwenda Colombo imewachukua wapiga mizinga wa Afrika Mashariki na makumi ya wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika mbili tatu. Manowari ya kuisindikiza, kwa kuiwinda nyambizi iliyokuwa chini, ikatupa mabomu ya majini palepale walipokuwa wakielea waliookoka. Walikufa watu karibu 1,300. Iko kumbukumbu yao katika makaburi ya vita ya Nairobi. Picha ya dakika zile sijapata kuiona.

Basi, msomaji, hapa nimekwama, nami sitaki kukudanganya kuwa nimejikwamua. Mwanzo nililaumu picha kwa kutuweka kiti cha muuaji. Sasa namwona mama mtu mzima ambaye angefurahi kupata hata picha mbaya, hata ya kutoka mbali, ya kichwa kimoja majini, apate kusema: huyu. Hakujua kama babaye alizama au alifia msituni Burma, wala mimi sikuweza kumjulisha. Kijana alikuwa amekwisha kifunga kitabu.

Bibi akaniuliza kama bahari ya huko ina baridi. Nikamwambia la, ni ya joto, kama ya kwetu pwani.