Pesa ya uzeeni ni ya nani?

Tangu 1 Septemba 2024 wafanyakazi wengi wa Afrika Kusini wanaruhusiwa kuchota akiba yao ya uzeeni mara moja kwa mwaka wa kodi, kuanzia randi 2,000. Theluthi moja ya kila mchango mpya inaweza kutolewa. Theluthi mbili zinangoja kustaafu. Walinzi wetu hapa Cato Manor wanazijua habari hizi kuliko sisi tunaoandika.

Je, kuchota ni kosa? Hatuwezi kumlaumu anayemtumia mama yake Bukavu pesa ya hospitali. Mwaka 1981 wafanyakazi wa Natal waligoma wakihofia serikali itafunga pesa zao hadi wazeeke, na muswada ule ukaondolewa. Walikuwa na haki: asiye na kura angeiaminije serikali ile? Baadaye vyama vyao vilidai mifuko ambayo wafanyakazi wenyewe wana wawakilishi ndani yake.

Sisi wageni tuna neno letu. Kwetu pensheni ni watoto na shamba. Shamba tuliliacha, na watoto hatujui wataishi wapi. Ukichota, kodi hukatwa kwanza, na faida ya miaka ishirini inapotea pamoja na pesa yenyewe. Anayelipa ni mzee utakayekuwa wewe. Mama hupiga simu usiku akaomba. Mzee yule hawezi kupiga, ingawa naye ni ndugu.

Jumapili ijayo tutalizungumza baada ya ibada. Njooni na karatasi za mshahara.