Sifa Iliyotiwa Maji

Wahenga wametuambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii inamlaumu anayesifiwa: ukimsifu mno atalewa sifa, na kazi yake itaharibika. Lakini, ndugu msomaji, wahenga hawakutuambia habari za sifa ambayo imeshatiwa maji na yule anayeitoa. Mtu anakusifia, unapokea kwa mikono miwili, unatabasamu, kisha ukifika nyumbani unakuta kibuyu kina maji matupu. Sifa ya namna hiyo ndiyo nataka tuizungumze leo, na nitaizungumza kwa kupitia mpira wa kikapu wa Marekani, maana huko imemiminwa mbele za watu kwa miaka mingi na wengi tumeinywa bila kuuliza.

Tuanze mwaka 1987. Boston Celtics na Detroit Pistons wanagombea nafasi ya kuingia fainali ya NBA. Mchezo wa tano unachezwa Boston, sekunde tano zimebaki, Detroit wanaongoza kwa pointi moja na mpira ni wao. Isiah Thomas anaurusha mpira ndani kutoka pembeni, haraka haraka. Larry Bird anachomoka kama mwewe, anaunyakua kabla haujafika, na huku anakaribia kutoka nje ya mstari anampasia Dennis Johnson, naye anafunga. Boston 108, Detroit 107. Siku chache baadaye, tarehe 30 Mei, Detroit wakafungwa mchezo wa saba, wakafungasha virago.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, hasira bado ziko puani, Dennis Rodman, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anamaliza msimu wake wa kwanza, akasema Bird anakuzwa tu, na tuzo zake kapewa kwa sababu ni mzungu. Waandishi wakamgeukia Thomas. Naye akaungana na mwenzake: Bird ni mchezaji mzuri sana, ila angekuwa mweusi angehesabiwa mchezaji mzuri tu kama wengine.

Bwana we, moto ukawaka! Bird alikuwa amechukua tuzo ya Mchezaji Bora miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Ilibidi Thomas asafiri hadi Los Angeles, ambako fainali zilikuwa zinaendelea, akakaa meza moja na Bird mbele ya waandishi kujieleza. Bird akasema yeye hana neno. Watu wengi wakaona yamekwisha.

Mimi nasema hayakwisha, kwa sababu Thomas alikosea na hapohapo alikuwa na hoja. Alikosea kumpunguzia Bird jasho lake. Lakini hoja aliyoieleza baadaye, vichwa vilipopoa, haikuhusu kipimo cha Bird. Ilihusu maneno. Alisema, kwa ufupi, kwamba mzungu akicheza vizuri anasifiwa kwa akili na bidii, na mweusi akicheza vizuri anasifiwa kwa mwili na kipaji, kana kwamba alitoka tumboni mwa mama yake tayari anadunda mpira. Hakuna aliyeketi naye akamuuliza: ulijifunza wapi, nani alikufundisha, ulirudia mara ngapi?

Tupime hoja hiyo kwa watu wawili, Larry Bird mwenyewe na mpinzani wake mkubwa, Magic Johnson. Bird alikulia French Lick, mji mdogo katika jimbo la Indiana, katika familia iliyokuwa ikibangaiza. Mwaka 1974 aliacha chuo kikuu baada ya wiki chache tu, akarudi kwao kufanya kazi za manispaa, pamoja na kuzoa taka. Magic, ambaye jina lake ni Earvin, alikulia Lansing, Michigan. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha General Motors, na nje ya kiwanda alikuwa na gari la kuzolea taka. Mtoto alikuwa akienda naye kusaidia. Magic amesimulia pia kwamba akitumwa dukani alikwenda akidunda mpira kwa mkono wa kulia, na kurudi akidunda kwa mkono wa kushoto.

Tazama basi. Wote wawili wana urefu wa futi 6 na inchi 9. Wote wawili wameyajua mapipa ya taka. Wote wawili walitisha kwa pasi ambazo wenzao hawakuziona zinakuja. Machi 1979 walikutana fainali ya vyuo vikuu, Michigan State ya Magic ikashinda 75 kwa 64, na mwaka huohuo wote wakaingia NBA. Lakini mmoja akapewa hadithi ya kijana wa shamba mwenye akili na mazoezi, na mwingine akapewa jina la mazingaombwe. Jina hilo la Magic alipewa na mwandishi wa habari akiwa na umri wa miaka 15, na sina shaka mwandishi yule alimpenda. Hapo ndipo ugumu ulipo! Sifa yenye maji haitoki kwa adui peke yake. Lakini mazingaombwe hayana mazoezi. Ile safari ya dukani, mkono wa kulia kwenda, mkono wa kushoto kurudi, imefutwa na neno moja tamu.

Washkaji watanibishia: sasa shida iko wapi? Kusifiwa mwili ni dhambi? Mtu akisema naruka kama swala si raha tu?

Shida ni hii: anayekusifu mwili peke yake, siku ikifika ya kugawa kazi za akili, hatakukumbuka. Wachezaji weusi wa kwanza waliingia NBA mwaka 1950. Kocha wa kwanza mweusi katika ligi hiyo, Bill Russell wa Boston, aliteuliwa mwaka 1966. Hesabu mwenyewe: miaka 16 ya kuambiwa mnaruka vizuri, mnakimbia vizuri, lakini ubao wa kuchorea mbinu tuachieni sisi. Na siku Russell alipotangazwa, mwandishi mmoja akamuuliza kama ataweza kuifanya kazi hiyo bila kuwabagua wazungu. Sijui kama makocha wazungu waliomtangulia waliwahi kuulizwa swali la namna hiyo kuhusu wachezaji weusi. Russell alijibu ndiyo, akaendelea na kazi.

Na Russell huyo alikuwa mtu wa kufikiri hasa. Warefu wenzake wakizuia mpira waliupiga kwa nguvu ukaruka hadi kwa watazamaji, watu wakashangilia, halafu mpira ukarudishwa kwa adui. Yeye alijizoeza kuuzuia taratibu, ubaki ndani, umfikie mwenzake, mashambulizi yaanze palepale. Hiyo ni hesabu ya kichwani inayofanyika hewani. Katika misimu 13 alichukua ubingwa mara 11, na mara mbili za mwisho, 1968 na 1969, alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Lakini alipokuwa akiishi Reading, nje kidogo ya Boston, watu walivunja nyumba yake, wakaharibu vikombe vyake, wakaandika matusi ukutani na kuacha kinyesi kitandani. Ubingwa wake uliwafurahisha watu wa eneo lile; kuwa jirani yao ilikuwa habari nyingine.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, ikasikika sauti iliyorekodiwa ya Donald Sterling, mmiliki wa Los Angeles Clippers, akimgombeza mwanamke rafiki yake kwa kupiga picha na Magic Johnson na kumtaka asilete watu weusi kwenye mechi zake. Timu yake ilijaa wachezaji weusi, na kocha wake, Doc Rivers, ni mweusi. Ligi ikamfungia maisha na kumtoza faini ya dola milioni 2.5. Vizuri. Lakini lile tamko lake halikuwa kichaa cha mzee mmoja. Ni mwisho wa njia ileile: miili yao naitaka uwanjani, wao wenyewe siwataki kwenye viti.

Wengine watasema: acha siasa, ukweli ni kwamba weusi ndio wengi kwenye NBA, kwa hiyo lazima kuna kitu cha kuzaliwa nacho. Aa, wapi! Rudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1920 na 1930 mchezo huu ulitawaliwa, katika miji kama New York na Philadelphia, na vijana wa Kiyahudi, watoto wa wahamiaji waliobanana katika mitaa ya kimaskini. Kikapu cha kwanza kabisa cha ligi ambayo baadaye ilikuja kuitwa NBA, tarehe 1 Novemba 1946, kilifungwa na Myahudi wa New York, Ossie Schectman. Na wataalamu wa kalamu walisemaje? Paul Gallico, mwandishi mkubwa wa michezo wa enzi hizo, alieleza kwamba kikapu kinamfaa Myahudi kwa sababu ya akili yake ya hila. Wengine wakaongeza kuwa ufupi unasaidia kupata mizani! Kisha Wayahudi wakahama mitaa ile, milango ya vyuo na ya kazi nyingine ikawafungukia, na wengine wakaingia mahali pao, wakiwa na mpira mmoja, ringi moja na muda mwingi. Leo hakuna anayesema Myahudi kazaliwa na kikapu. Damu haikubadilika. Waliobadilika ni wapangaji wa mtaa.

Kama bado hujashawishika, mfikirie Jeremy Lin. Kijana wa California, wazazi wake walitoka Taiwan, alisoma na kucheza Harvard. Mwaka 2010 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Februari 2012 akapata nafasi New York Knicks kwa kuwa wengine walikuwa majeruhi, na usiku mmoja akawafunga Los Angeles Lakers pointi 38. Ghafla kila mtu anashangaa: kumbe ana kasi! Yeye alinyimwa mwili kama wengine walivyonyimwa akili. Timu ilipofungwa baada ya ushindi mfululizo, chombo kimoja kikubwa cha habari za michezo kikatoa kichwa cha habari chenye neno ambalo ni tusi kwa watu wenye asili ya China, na aliyekiandika akafukuzwa kazi. Uongo ni uleule mmoja, umegawanywa mafungu: huyu misuli, huyu akili, huyu hesabu za darasani.

Sasa tujitazame sisi tunaosoma na kuandika kurasa hizi. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika NBA nzima, na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Sisi vijiweni tulimsifuje Thabeet? Futi 7 na inchi 3! Tukazitaja futi kama vile yeye mwenyewe ndiye aliyezitengeneza, na mambo yalipomwendea vigumu tukasema, basi hajui mpira, ni urefu tu. Ona tulivyomla pande mbili. Alipopanda tulimpa Mungu sifa, aliposhuka tukampa yeye lawama. Miaka aliyotumia chuoni Connecticut kujifunza lini aruke na lini asubiri, nani kati yetu aliwahi kuisimulia? Na yule Curry, ambaye wapimaji wa miili walimwona mdogo mno, alikuja kuwa Mchezaji Bora mwaka 2015 na 2016.

Hata Bird hakusalimika. Mwaka 2004, akiwa amestaafu kucheza, alisema kikapu ni mchezo wa watu weusi na utabaki hivyo, na kwamba zamani aliudhika sana timu pinzani ilipompangia mzungu wa kumkaba. Aliona ni dharau. Mzungu bora wa zama zake aliamini kuwa rangi yake ni kasoro uwanjani! Huyo ndiye aliyebebeshwa sifa ya upande wa pili, na nayo ilikuwa na maji.

Basi nakubali nini na nakataa nini? Sikatai kwamba miili inatofautiana. Aliyezaliwa mfupi hatazuia mipira kama Russell. Ninachokataa ni kuuchukua mwili wa mtu mmoja na kuufanya hati ya rangi nzima, kisha kumnyang'anya mwenyewe kazi yake. Na ninaikataa hata pale ambapo sifa hiyo ni yangu, inapoambiwa kwamba sisi weusi tumejaliwa miguu na ngoma. Kukataa sifa kunauma kuliko kukataa tusi, maana tusi halina utamu. Lakini ukiimeza hiyo ya miguu, umeshatia saini na ile ya kichwa.

Kwa hiyo ukishika kalamu kesho kumwandika mchezaji, mwimbaji au fundi wa mtaani kwenu, kabla hujaandika "kajaliwa", nenda kamuulize alifanya nini na alirudia mara ngapi. Atakuambia. Pengine atakuambia habari ya dukani, na mkono aliotumia kurudi.