Mkoani ni Wapi?

Kabla ya mwaka 2012, mtu wa Mpanda aliyeambiwa "hiyo barua ipeleke mkoani" alijiandaa kwa safari ya zaidi ya kilomita 200 hadi Sumbawanga. Mwaka huo Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, agizo lilelile likawa la kutembea mitaa michache. Mpanda haikuhama wala neno halikubadilika. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Vivinjari vya intaneti hukutana na maneno ya aina ya "mkoani" kila wakati. Kiungo kilichoandikwa "ziwa.html" peke yake hakina mahali. Kivinjari huchukua anwani ya ukurasa kilimokikuta, hukata kipande chake cha mwisho, kisha hupachika kiungo hapo. Nukta mbili humaanisha panda folda moja juu. Mwenye ukurasa akitangaza anwani nyingine ya msingi, hiyo ndiyo hufuatwa. Kanuni yenyewe imeandikwa: RFC 3986, ya Januari 2005.

Baadhi ya wenzangu wa uzamili hudai kwamba maana ikitegemea mahali, basi kila mtu ana ukweli wake. Sikubali. Kiungo kilekile na msingi uleule lazima viwafikishe wenye Firefox na wenye Chrome mahali pamoja. Kutegemea mahali si kujiamulia.

Chukua jina Sumbawanga. Kwa Kifipa hufasiriwa kama amri: tupa uchawi. Ukilisoma ukiwa kule juu Ufipa, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, ni mji unaomtaka anayeingia aache ubaya nje. Likifika Dar es Salaam hugeuka utani: mji wa wachawi. Mfipa anayetafuta chumba huulizwa, kwa kicheko, kama amekuja kwa ungo. Mwenye nyumba akiuamini utani huo, chumba hakipatikani.

Watani husema huo ni mtazamo wao tu. Mimi naona ni kosa la kusoma: wamechukua kiungo cha ukurasa wa Ufipa wakakipachika kwenye anwani yao. Kivinjari kikifanya hivyo hatusemi kina mtazamo wake, tunasema kimepotea.

Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu kwa neno, tuna wajibu wa kuuliza limesemwa kutoka wapi. Jibu halitulazimishi kukubaliana naye. Tunaweza kumpinga, ila tumpinge tukiwa tumefika alikokusudia.