Umeme wa Pamoja Ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la dini: umeme na gesi tunavyovitumia katika nyumba za kupanga na hosteli. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana anayenasihi wenzake inafaa aanze na nafsi yake.

Usiku ule wa Ramadhani

Tulikuwa wanafunzi watano katika nyumba moja chini ya kilima cha Kibuli, hapa Kampala. Kila mwezi kila mmoja alitoa mchango sawa, tukanunua Yaka na kujaza mtungi wa gesi. Mwezi wa Ramadhani gesi ikatuishia mapema, tukawa tunapika kwa jiko la umeme. Usiku mmoja tukaamka kula daku, tukawasha jiko, na kabla chungu hakijapata moto nyumba nzima ikawa giza. Uniti zimekwisha. Kila mtu akatazama simu yake. Hakuna aliyekuwa na salio la kununulia tokeni. Tukala tende, tukanywa maji, tukanuia.

Hilo la tende halikuwa tatizo. Tatizo ni ulimi wangu. Palepale gizani, mbele ya wenzetu, nilimgeukia mdogo wetu wa mwaka wa kwanza nikamwambia: "Wewe ndiye unayetumalizia umeme. Taa yako haizimwi usiku kucha." Yule kijana hakujibu. Alisema tu, "Samahani, kaka," akaenda kutawadha.

Baada ya sala ya Alfajiri, mwenzetu mmoja anayesomea uhandisi akasema, "Kabla hatujahukumiana, tuhesabu." Akachukua karatasi, akapita kila chumba akisoma wati zilizoandikwa chini ya kila kifaa. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja kimekula uniti moja.

Taa ya mdogo wetu ilikuwa ya wati 9. Akisoma nayo saa nane kila usiku, kwa mwezi mzima ni uniti mbili na kidogo. Kisha akafika chumbani kwangu. Nilikuwa na koili ya kuchemshia maji ya kuoga, ya wati 1,500. Kila asubuhi niliitumbukiza katika ndoo ya lita 20 kwa dakika 40 hivi. Hiyo ni uniti moja kila siku, yaani uniti 30 kwa mwezi. Na hapo pasi yangu ya kanzu ilikuwa bado haijahesabiwa.

Mchango wetu ulikuwa sawa, matumizi hayakuwa sawa. Baadaye nikaja kujua kwamba kijana yule alikuwa akienda chuoni kwa miguu ili ile nauli ya boda itimize mchango wake. Kwa maneno mengine, alitembea kwenye jua akiwa amefunga ili mimi nioge maji ya moto. Juu ya hayo nikamfedhehesha.

Swaumu yangu na haki ya ndugu yangu

Siku ile niliikumbuka Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni nani aliyefilisika. Wakadhani ni asiye na pesa wala mali. Akawafahamisha, kwa maana ya maneno yake, kwamba aliyefilisika ni yule atakayekuja Siku ya Kiama na sala, swaumu na zaka, lakini alimtukana huyu, alimsingizia yule na alikula mali ya mwingine. Basi hao watagawiwa mema yake. Yakimalizika na madeni yangalipo, atabebeshwa madhambi yao.

Nikajitazama. Nilikuwa nimefunga, nasali tarawehe, nakhitimisha juzuu. Na wakati huohuo nilikuwa nimekula mali ya ndugu yangu bila ridhaa yake na kumsingizia mbele za watu. Nilimwomba msamaha mbele ya walewale walionisikia nikimlaumu, na nikalipa tofauti. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini swali linabaki kwangu na kwako: ni wangapi tunabeba deni la namna hii na hata hatujui?

Ndugu zangu, mita ya pamoja ni mali ya shirika. Mwenye kutumia zaidi ya fungu lake kimyakimya, hajawa mjanja. Amekula haki ya mtu. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumefahamishwa kwamba mja ataulizwa juu ya mali yake mambo mawili, wapi aliichuma na katika nini aliitumia. Wengi tumejiandaa kwa swali la kwanza. Kwa lile la pili, mita inatuandikia majibu kila siku.

Dini imesema nini

Katika Sura ya 7, aya ya 31, Allah ameturuhusu kula na kunywa, akakataza israfu. Katika Sura ya 17, aya ya 26 na 27, wabadhirifu wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Ni maneno mazito. Na katika Sura ya 25, aya ya 67, waja wa Mwingi wa Rehma wanasifiwa kwamba wanapotumia hawafuji wala hawafanyi ubahili, bali wako katikati. Kwa hiyo sisemi tukae gizani. Taa ya kusomea si israfu, na chakula cha moto cha daku si israfu. Israfu ni ile taa inayowaka chumba kitupu, na feni inayopuliza viti.

Na tuitazame sunna ya taa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wakiwemo ndani. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), aliwafahamisha kwamba moto huu ni adui yenu, basi mlalapo uzimeni. Na katika mapokezi mengine akataja kwamba panya huenda akaikokota tambi ya taa akawaunguzia watu nyumba. Sababu ya kwanza ni usalama, na sababu hiyo ingalipo: pasi iliyosahauliwa, waya wa nyongeza uliobebeshwa mizigo, gesi isiyofungwa kwenye mtungi. Lakini anayezunguka kabla ya kulala akizima na kufunga, amehuisha sunna, ameilinda nyumba, na amepunguza gharama. Kheri tatu kwa mzunguko mmoja.

Tena imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudd tano. Mudd ni kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, na pishi ni mudd nne. Kuoga kwake, basi, hakukuzidi sana lita tatu. Nami nilikuwa nachemsha lita 20! Angalia jinsi sunna ya maji inavyokuwa sunna ya umeme: ukipunguza ndoo nusu, umepunguza umeme wa kuichemsha nusu.

Ipo pia ile Hadithi mashuhuri ya kukataza israfu ya maji ya udhu hata ukiwa kando ya mto unaopita. Wanazuoni wameijadili sanad yake, ila maana yake inaungwa mkono na aya tulizozitaja. Sisi wa Uganda inatuhusu kwa namna ya pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka katika mto Nile. Maji yanapita Jinja, ambako bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, yanazungusha mitambo, nasi tunawasha taa. Kwa hiyo unapoacha taa inawaka bure, umesimama kando ya mto ule ule.

Tulichokifanya

Tulikaa kikao, tukakubaliana mambo haya. Nayaandika kwa sababu kila nyumba inaweza kuyafanya.

Kwanza, kila mmoja aseme ana kifaa gani. Kifaa kizito kama koili, pasi au jiko la umeme kina mchango wake wa ziada. Ile koili mimi niliiacha.

Pili, tupike chungu kimoja. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Watu watano wakipika mara tano, wanalipia moto mara tano.

Tatu, maharage yalowekwe tangu usiku. Chungu kifunikwe, na kikishachemka moto upunguzwe. Hapa Kampala, kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala hayaongezeki joto hata ukifungua gesi mpaka mwisho. Moto mkali baada ya hapo unaongeza mvuke tu, na mvuke huo umeununua.

Nne, chai ichemshwe mara moja itiwe kwenye chupa. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja, mara moja kwa wiki. Wa mwisho kulala azime taa na afunge gesi kwenye mtungi.

Mwezi uliofuata tokeni zilitufikisha mwisho wa mwezi. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Nasi tuliona kwamba bandu bandu pia huliokoa.

Tahadhari mbili

Wapo wanaopunguza gharama kwa kuruka mita, yaani kuunganisha waya kinyemela. Huo ni wizi, na hauhalalishwi na ugumu wa maisha wala na ukubwa wa bei. Na wapo wanaoficha jiko la umeme chini ya kitanda hosteli, ilhali walitia saini kwamba hawatalitumia. Sura ya 5 inafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi. Saini yako ni ahadi, na wenzako wanaolala ghorofa moja nawe wana haki ya kutounguzwa.

La pili ni msikiti wetu wa chuo. Inasimuliwa kwamba Umar bin Abdul Aziz, alipokuwa Khalifa, alizima taa ya mafuta ya Waislamu mazungumzo yalipogeuka kuwa ya mambo yake binafsi. Nasi tunamaliza darasa la jioni, tunatoka tukiacha feni zote zinazunguka, kila mmoja akidhani mwingine atazima. Umeme ule unalipwa kwa sadaka za watu, na wengine wao ni maskini kuliko sisi.

Ndugu yangu, dada yangu, leo usiku kabla hujalala, pita nyumba yako. Zima. Funga. Kisha jiulize: katika watu ninaokaa nao, kuna anayelipia starehe yangu? Ukimpata, mwendee kabla hajakwendea yeye Siku ile ambayo deni halilipwi kwa shilingi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyala ya wenzetu kwa kujua na kwa kutojua, tupe nguvu ya kuyarudisha, na utujaalie tuwe wa katikati katika matumizi yetu. Zibariki nyumba zetu na masomo yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.