Je, Rangi Mpya Hulipa Deni la Kale?

Ndugu zangu wakatekumeni,

Mwaka huu, katika mafundisho ya jioni, kijana mmoja wa darasa langu aliniuliza swali, nami nikalijibu vibaya. Nawaambia wazi, kwa maana kosa la mwalimu likifichwa huwaangukia wanafunzi. Kijana mwenyewe ameniruhusu kulieleza jambo lake, mradi nisimtaje jina.

Alizaliwa kijijini kwetu, lakini kazi yake ni ufundi wa motokari huko Bagira, mjini Bukavu. Nyuma ya nyumba ya mjomba wake, chini ya mti wa maparachichi, wameezeka mabati machache juu ya miti minne, na hiyo ndiyo karakana yao. Hapo hufufua motokari kuukuu: hunyosha mabati yaliyobonyea, huyapiga msasa, huyapaka rangi, hata mwenye motokari akirudi huitazama kama mgeni asiyemjua.

Basi kijana alipata kununua, kwa akiba yake mwenyewe, Land Rover ya zamani iliyoundwa kabla ya nchi yetu kupata uhuru mwaka 1960. Ilikuwa imelala miaka mingi nyuma ya ghala, majani yameota ndani yake. Yafaa niwaeleze umbo la motokari hiyo, kwa maana bila kulijua hamtaelewa kosa lenyewe. Land Rover za kwanza zilionekana mwaka 1948. Vita Kuu ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na bati la chuma lilikuwa adimu. Kwa hiyo waundaji walizifanyia mwili wa alumini, ile ya sufuria zetu, isiyoota kutu nyekundu. Lakini shasi, yaani mifupa ya chini inayobeba injini, magurudumu na watu, ni ya chuma. Tena chuma hicho kina uwazi ndani kama mwanzi. Maji na matope ya njiani huingia humo, hukaa, na kutu hukila kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana Land Rover ya kale yaweza kupendeza machoni, ubavu wake mzima kabisa, na huku mifupa yake imeoza. Fundi wa kweli hadanganywi na ubavu. Hulala chali chini ya motokari, akagonga shasi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito, kama chungu chenye ufa.

Kijana aligonga, akasikia. Shasi ilikuwa imeoza mahali pawili, karibu na gurudumu la nyuma. Dawa yake aliijua: kukata chuma kibovu mpaka kufikia kizima, kuchomelea kipande kipya chenye unene ule ule, kukisugua, kukipaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu ije. Kazi hiyo yataka siku nyingi na fedha. Lakini wakwe walikuwa wakingoja ng'ombe wa mahari. Tena mvua za Septemba zilikuwa karibu, na rangi ikipulizwa penye unyevu huingia weupe kama ukungu, kazi yote ikaharibika. Basi akayashindilia matundu vitambaa, akayaziba kwa mastiki, ule udongo laini wa mafundi usio na nguvu hata ya kubeba kuku, akapaka juu yake rangi nyeusi nzito. Ubavu akaupaka kijani safi. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Mchuuzi mmoja akainunua, apate kubeba watu na mizigo siku za soko, kupita Nyangezi na kuteremka milima ya Ngomo hadi Kamanyola. Wenye kuijua njia ile hawana haja nieleze zaidi.

Ng'ombe walifika kwa wakwe. Lakini moyo wa kijana haukutulia, akanijia na kuniuliza: «Mwalimu, nikibatizwa, jambo hili litakwisha?» Watu walikuwa wakinisubiri, nami nilikuwa na haraka. Nikamjibu: «Ubatizo husafisha yote. Usihangaike.» Akaenda zake amefurahi.

Ndugu zangu, maneno yale yalikuwa ya kweli, lakini niliyatumia kama yeye alivyotumia mastiki. Zikapita siku kumi na nne. Siku hizo zote motokari ile iliendelea kuteremka Ngomo imejaa akina mama na vikapu vyao, kwa sababu yangu mimi sasa, wala si kwa sababu yake peke yake.

Nilipomwita tena, alijitetea kama vile ambavyo mimi na ninyi tungejitetea. Alisema: «Mchuuzi hakuniuliza habari ya shasi.» Naam, hakuuliza. Lakini je, mtu aweza kuuliza habari ya kitu ambacho umekifunika ili asikione? Mimi sisemi ya kuwa kila rangi ni uongo. Mwenye motokari kuukuu akiipaka rangi ipendeze, hakumdhulumu mtu, kama vile mama anayesiriba nyumba yake kwa udongo mweupe kabla ya sikukuu hakumdhulumu mgeni. Rangi hugeuka kuwa uongo pale inapowekwa ili jicho la mnunuzi lisifike mahali ambapo lingemfanya aondoke. Na hapo palipofunikwa pakiwa pa hatari, aliyepafunika amefanya zaidi ya kusema uongo na kuchukua mali ya watu. Amecheza na uhai wao.

Kisha alileta neno la pili, nalo lilinisumbua zaidi. Alisema: «Mwalimu, wewe umetufundisha ya kuwa mbatizwa ni mtu mpya. Nitapewa na jina jipya. Aliyeiuza motokari ile ni mtu wa kale, naye atakuwa amekufa. Nani atadaiwa?»

Nilikaa na neno hilo usiku kucha, na jibu nililipata katika kazi yake mwenyewe. Land Rover ya kwanza iliyoundwa kwa kuuzwa, mwaka ule wa 1948, ilipewa namba 860001. Nayo ilikuja kutupwa shambani huko Uingereza, ikaoza miaka na miaka, hata ikapatikana, na mwaka 2020 mafundi wakamaliza kuitengeneza upya. Je, waliwaonyesha watu motokari nyingine? Hasha. Kama ingekuwa nyingine, ni nani angejali? Furaha yote ilikuwa kwamba ni ile ile, namba 860001, iliyokuwa imepotea. Ilikuwa mpya, lakini haikuwa nyingine.

Hapo ndipo nilipokuwa nimewafundisha nusu. Ubatizo hukufanya mtu mpya. Haukufanyi mtu mwingine. Huondoa dhambi ya asili na dhambi zote ulizozitenda, pamoja na adhabu zake mbele ya Mungu, hata likabaki vazi jeupe tu. Lakini fikirini: akisamehewa, amesamehewa nani? Ni yule yule aliyekosa. Ukisema aliyekosa ni mwingine, wala hana habari nawe, basi na msamaha umempata huyo mwingine, wewe umetoka majini mikono mitupu. Huwezi kupokea msamaha wa mtu wa kale na kulikataa deni lake. Tena Mungu akikusamehe wizi wa mbuzi, yule mbuzi harudi peke yake katika zizi la jirani. Jirani bado analala bila mbuzi wake. Kanisa hufundisha ya kuwa mali ya mtu lazima irudishwe, na madhara yatengenezwe kadiri mtu awezavyo. Asiyeweza kulipa leo alipe kidogo kidogo. Asiye na kitu kabisa awe na nia ya kweli, naye Mungu aijua nia.

Habari za Zakayo mmekwisha kuzisikia. Mimi nampenda zaidi Onesimo. Alikuwa mtumwa aliyemwacha bwana wake Filemoni (utumwa wenyewe ni jambo ovu, hapa natazama deni tu), akakutana na Paulo Mtakatifu kifungoni, akawa Mkristu. Paulo hakumwambia: «Sasa u mtu mwingine, Filemoni hakudai.» Alimrudisha kwa Filemoni, barua mkononi, akiomba apokewe kama ndugu mpendwa, na kama alikuwa amempotezea mali, Paulo aliahidi kuilipa yeye. Nilipofika hapo niliona haya. Paulo alijitia katika deni la mwanafunzi wake, nami nilikuwa nimemwondoa wangu kwa neno moja la haraka.

Basi tulikwenda kwa mchuuzi sisi wawili. Kijana alisema yote, amesimama. Sitawaambia ya kuwa mchuuzi alilia na kumkumbatia. Alimtukana mbele ya wake zake na wateja wake, akataka fedha zake zote siku ile ile, akasema ya kuwa Wakristu ni wale wale. Kijana hakujibu. Lakini kesho yake motokari haikwenda Ngomo. Ililetwa Bagira, ikaingizwa chini ya mabati.

Ilikaa pale majuma matatu. Mjomba alikata chuma kibovu, kijana akachomelea, nami nilishika taa nyakati za usiku, kazi pekee niliyofaa. Chuma na gesi ya kuchomelea vilinunuliwa kwa mkopo, ambao kijana aulipa mpaka leo kutoka katika ujira wake, na mimi nachangia kidogo kila mwezi. Ili kuifikia shasi ilibidi kufungua ubavu wa nyuma na kukwangua ile rangi ya kijani iliyokuwa imesifiwa na mtaa mzima. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, haikuwezekana kuirudisha. Kijana alimwahidi mchuuzi ya kuwa ataipaka mwezi wa Juni, kiangazi kikifika, bila malipo.

Siku ya kuichukua, mchuuzi aliomba nyundo. Akalala chali chini ya motokari, na shati lake la safari, akagonga mahali pamoja baada ya pengine, akisikiliza. Aligonga muda mrefu. Kisha akatoka, akajipangusa vumbi, akaondoka bila kuaga.

Shule yetu i karibu na njia ile. Siku za soko naiona ikipita, kijani mbele na kijivu nyuma, nayo imejaa watu.