Uuguzi Katika Utu Uzima

Mtu aachaye kazi aliyoizoea, akaingia darasani na vijana kujifunza uuguzi akiwa na miaka arobaini, husifiwa na baadhi ya watu kwa ushujaa na hudhaniwa na wengine kuwa amepotewa na akili. Hukumu zote mbili humtazama yeye, mgonjwa hatazamwi. Katika vyuo vingi vya Marekani, mwenye shahada ya elimu nyingine huweza kumaliza mafunzo hayo kwa miezi 11 hadi 18 badala ya miaka minne. Je, ni haki mwili wa mgonjwa kukabidhiwa mtu aliyefundishwa kwa haraka hivyo?

Florence Nightingale, aliyezaliwa mwaka 1820, alizuiwa na jamaa zake miaka mingi. Alipopata nafasi ya kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, alikuwa na miaka 31, na mafunzo yake yalikuwa ya miezi mitatu hivi. Novemba 1854 aliwasili Scutari kuwauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea. Huruma hakupungukiwa, wala bidii. Hata hivyo, majira yale ya baridi askari walizidi kufa, walio wengi si kwa majeraha bali kwa maradhi. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya afya kufika Machi 1855, ikasafisha mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa majengoni. Nightingale alizipanga hesabu za vifo hivyo baadaye, na usafi ukawa hoja yake kuu maisha yake yote.

Basi huruma ya mtu mzima haitoshi. Ni kweli kwamba huja na mengi asiyokuwa nayo kijana: pengine amemzika mzazi, amekesha na mtoto mwenye homa, na haaibiki mbele ya mwili wa mtu. Lakini huja pia na mazoea ya kusikilizwa, na mazoea hayo, haina budi kusemwa, ni matamu. Aliyekuwa mkuu wa ofisi sasa husahihishwa namna ya kufunga kidonda na muuguzi wa miaka 23. Kijana huuliza kwa sababu hakuna anayemtazamia kujua. Mtu mzima huona haya.

Haraka yenyewe si kubwa kama inavyoonekana. Masomo ya shahada ya kwanza hayarudiwi, mengine ya sayansi hutakiwa kabla ya kuingia, na mtihani wa leseni ni uleule kwa wote. Yasiyopimwa na mtihani hujulikana wodini, usiku, wakati hesabu ya dawa haimkai sawa kichwani na mwenziwe aliye mdogo kwake amesimama kitanda cha pili. Kumwita huchukua dakika moja. Mgonjwa aliyelala hapo hajui kama ataitwa.